Madhara ya Tibakemia kwa Mishipa ya Fahamu ya Wagonjwa wa Lukemia: Historia Inayotazamwa kutoka Rahaleo, Mtwara, 1948–2023

Utangulizi

Rahaleo ni kata ya mjini katika Manispaa ya Mtwara Mikindani, kusini kabisa mwa pwani ya Tanzania, si mbali na mlango wa Mto Ruvuma. Mji unaoizunguka ulikua kwa pupa mwishoni mwa miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ya Waingereza ilipojenga bandari ya kina kirefu na reli ya kwenda Nachingwea kwa ajili ya mradi wa karanga. Mradi ulianguka, reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, bandari ikabaki. Historia ya kusini imeandikwa mara nyingi kama historia ya mambo yaliyoamuliwa kwingine na matokeo yake kuachwa huku. Insha hii inahusu jambo moja la namna hiyo, ingawa si la karanga wala la reli.

Lukemia ni saratani ya damu inayoanzia katika uboho, mahali chembe za damu zinapotengenezwa. Kwa mkazi wa Rahaleo, matibabu yake kwa muda mrefu yamekuwa na maana ya kusafiri hadi Dar es Salaam, mwendo wa takribani kilomita 560, na kukaa huko kwa wiki nyingi. Dawa zinazotumika huua chembe za saratani, lakini baadhi yake hudhuru pia mishipa ya fahamu, uti wa mgongo na ubongo. Madhara hayo hayajitokezi yote pale kitandani ambapo sindano imechomwa. Mengine huchukua siku kumi, mengine mwezi, mengine miaka. Kwa hiyo mara nyingi hujitokeza nyumbani.

Hoja ya insha hii inatokana na ukweli huo mdogo. Historia ya madhara ya tibakemia imeandikwa kutoka wodini, na wodi hizo zilikuwa Boston, Memphis, Kampala na, baadaye, Dar es Salaam. Mahali ambapo madhara yenyewe huonekana kwa mara ya kwanza, yaani uani kwa mgonjwa na katika zahanati ya mtaa wake, pamebaki nje ya maandishi. Pengo hilo si la kitaaluma tu. Mguu unaolegea huko Mtwara una majina mengi yaliyoutangulia, na jina litakalochaguliwa ndilo litakaloamua kama mgonjwa atarudishwa Dar es Salaam au la.

Miguu ya kusini kabla ya vinkristini

Mtafiti anayefungua suala la ganzi na kupooza katika mkoa wa Mtwara hakuti ukurasa mtupu. La kwanza kabisa ni ukoma. Misheni ya Wabenediktini wa Ndanda, iliyoanzishwa mwaka 1906, na misheni za Waanglikana wa Masasi ziliwahudumia wakoma kwa miongo mingi, na vizazi kadhaa vya kusini vilijifunza kwa macho yao kwamba mguu usiohisi moto wala mwiba ni dalili ya kuogopwa. Ukoma hushambulia mishipa ya fahamu ya pembezoni. Huweza kuudondosha wayo na kuvikunja vidole vya mkono. Ganzi, kwa hiyo, haikuwa dalili isiyo na upande. Ilibeba aibu na hofu ya kutengwa kabla hata ya tabibu kuulizwa.

Kisha, katika miaka ya 1952 na 1953, ulizuka katika Uwanda wa Makonde, Newala, ugonjwa wa homa na viungo uliowaacha watu wamejikunja kwa maumivu. Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliueleza katika maandishi yao ya mwaka 1955, na jina ulilopewa na wenyeji, chikungunya, likaingia katika vitabu vya tiba vya dunia nzima. Chikungunya si ugonjwa wa mishipa ya fahamu kwa asili yake. Unatajwa hapa kwa sababu nyingine: ni mfano adimu ambapo neno la Kimakonde kuhusu namna mwili unavyopinda lilisikilizwa, likaandikwa, likawa jina la kisayansi. Ganzi ya tibakemia haijapata bahati hiyo.

La tatu ni konzo, kupooza kwa ghafla kwa miguu yote miwili kunakowapata watu wanaokula mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri wakati wa njaa au ukame. Nchini Tanzania ugonjwa huo ulichunguzwa kwa kina kwanza huko Tarime katika miaka ya 1980, na baadaye ukaripotiwa kusini, ukiwemo mkoa wa Mtwara. Mgonjwa wa konzo hutembea kwa kukaza miguu, magoti yakikaribiana, akikanyagia ncha za vidole. Hapotezi hisia. Tabibu akimgonga chini ya goti kwa kinyundo, mguu huruka kwa nguvu kupita kiasi. Maelezo haya yatahitajika tena mwishoni.

La nne ni la karibuni zaidi. Tanzania ilipoanza kutoa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kwa mpango wa taifa mwaka 2004, stavudini ilikuwa miongoni mwa dawa za mstari wa kwanza. Watumiaji wengi walilalamika kuwa nyayo zinawaka moto, zinachomachoma, zinakufa ganzi. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi ziiache dawa hiyo taratibu, na madhara hayo yalikuwa sababu mojawapo. Kwa mwanahistoria, kisa cha stavudini kina uzito wa pekee. Madhara yake yalijulikana kwa sababu dawa ilitolewa karibu na mgonjwa, katika kliniki za wilaya zilizomwona kila mwezi, zikiwa na kadi yenye nafasi ya kuandika sababu ya kubadilishiwa dawa. Kuwaka kwa nyayo kulipata mahali pa kuandikwa. Ni vigumu kukubaliana na wale wanaodhani kwamba madhara ya dawa huonekana yenyewe kwa kuwa yapo. Huonekana pale panapokuwa na karatasi ya kuyapokea na mtu wa kuuliza.

Dawa na mmea

Mwezi Juni 1948, Sidney Farber na wenzake wa Boston walichapisha taarifa ya watoto 16 wenye lukemia kali waliopewa aminopterini, dawa inayozuia kazi ya asidi ya foliki mwilini. Watoto 10 kati yao walipata nafuu, ingawa nafuu hiyo haikudumu. Kabla ya hapo lukemia kali ya mtoto iliua kwa muda wa wiki au miezi michache, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kujiuliza miguu ya mtoto itakuwaje baadaye. Madhara ya mishipa ya fahamu yanaingia katika historia kwa mlango huu: ni matokeo ya kuishi. Muda wa kuishi ulipoongezeka ndipo miguu, macho, taya na kumbukumbu vilipoanza kutazamwa.

Methotreksati ilichukua nafasi ya aminopterini. Merkaptopurini ya Gertrude Elion na George Hitchings ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1950. Dawa inayohusu zaidi insha hii ilitoka katika mmea ambao mkazi wa pwani anaufahamu kwa sura. Ni ule mmea mfupi wenye maua ya waridi au meupe ya petali tano, unaopandwa mbele ya nyumba na kuota wenyewe mchangani, na ambao mbuzi huuacha kwa sababu ya uchungu wake. Asili yake ni Madagaska, ng'ambo ya mlango wa bahari wa Msumbiji. Majani yake yalitumwa kutoka Jamaika hadi Kanada, ambako chai yake ilisifiwa kuwa dawa ya kisukari. Robert Noble na Charles Beer, wa Chuo Kikuu cha Western Ontario, hawakupata dawa ya kisukari. Waligundua kwamba utomvu wa mmea unashusha chembe nyeupe za damu, na mwaka 1958 wakatangaza vinblastini. Katika maabara ya kampuni ya Eli Lilly, kundi la Gordon Svoboda likatenga ndugu yake, vinkristini, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 1963.

Vinkristini huua kwa kuvunja mirija midogo sana iliyomo ndani ya chembe, ambayo chembe huihitaji ili igawanyike. Chembe ya saratani inayogawanyika upesi hufa. Bahati mbaya, mshipa wa fahamu nao unaitegemea mirija hiyohiyo kwa kazi tofauti: kusafirisha virutubisho kutoka kwenye kiini cha chembe, kilicho ndani ya uti wa mgongo au pembeni yake, hadi ncha ya kidole cha mguu. Safari hiyo ikikatizwa, mshipa mrefu kuliko yote ndio unaoumia kwanza. Ndiyo maana madhara huanzia miguuni, pande zote mbili, na hupanda. Kifundo cha mguu huacha kuitikia kinyundo. Vidole huchomachoma. Mtoto hujikwaa, kisha huinua magoti juu anapotembea ili wayo usiburute. Pengine taya huuma wakati wa kutafuna, sauti hukwaruza, kope hushuka. Tumbo hufunga choo, wakati mwingine hata kabla ya dalili nyingine zote, kwa kuwa mishipa inayoendesha matumbo nayo imeguswa.

Matabibu wa kwanza walijibu kwa kuweka mpaka: kwa kawaida dozi moja isizidi miligramu 2, hata kama mwili wa mgonjwa ni mkubwa. Ni mpaka uliotokana na hofu ya haki. Hata hivyo uliwekwa kwa kutazama miili ya Marekani na Ulaya.

Maji ya uti wa mgongo: Memphis na Kampala

Kadiri dawa zilivyoufukuza ugonjwa kutoka kwenye damu, ndivyo ulivyojificha mahali ambapo dawa hazifiki. Ubongo na uti wa mgongo vina ukuta unaozuia vitu vingi vilivyomo katika damu visipenye. Katika miaka ya 1950 na 1960 watoto waliokwisha kutangazwa kuwa na nafuu walirudi hospitali wakiumwa kichwa, wakitapika, macho yakiwa yamepinda. Chembe za lukemia zilikuwa zimejaa katika maji ya uti wa mgongo. Hospitali ya St. Jude ya Memphis, iliyofunguliwa mwaka 1962 chini ya Donald Pinkel, iliamua kutosubiri. Katika jaribio lake la tano, lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1960, watoto wote walipigwa mionzi kichwani na kuchomwa methotreksati ndani ya uti wa mgongo kabla ya dalili kutokea. Karibu nusu yao walipona kabisa, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Malipo yake yalikuja polepole. Miaka ilipopita ilidhihirika kwamba baadhi ya waliopona walikuwa wazito darasani, hasa katika hesabu na kumbukumbu, na picha za ubongo zilionyesha kuharibika kwa sehemu yake nyeupe. Mionzi ikaanza kupunguzwa, kisha ikaondolewa kwa watoto wengi, na sindano za uti wa mgongo zikaachiwa kazi yote. Lakini methotreksati nayo si mwanakondoo. Siku kadhaa baada ya sindano, kwa kawaida kati ya siku ya pili na ya kumi na nne, mgonjwa mmojammoja hupatwa na kitu kinachofanana na kiharusi: upande mmoja hupoteza nguvu, maneno hayatoki, au degedege humshika. Mara nyingi hali hiyo hupita yenyewe. Asparaginasi, dawa nyingine ya lukemia, huweza kugandisha damu katika mishipa ya ubongo na kuleta dalili za aina hiyo, na hizo hazipiti bila tiba.

Afrika Mashariki haikuwa mtazamaji katika sura hii. Mwaka 1958 Denis Burkitt wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya kwa watoto ambao baadaye uliitwa kwa jina lake, limfoma ya Burkitt. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari takribani maili 10,000 hadi kusini mwa bara wakiuliza hospitali baada ya hospitali wapi uvimbe huo upo na wapi haupo. Limfoma hiyo ni jamaa wa karibu wa lukemia kali ya limfu, na dawa zake ni karibu zilezile. Mwaka 1967 kilifunguliwa Mulago kituo cha kutibu limfoma kwa ushirikiano na Taasisi ya Saratani ya Taifa ya Marekani, kikiongozwa na John Ziegler. Huko Kampala, kama Memphis, matabibu waliona ugonjwa ukirejea kupitia mishipa ya fahamu ya uso na maji ya uti wa mgongo, na huko pia walichoma methotreksati na sitarabini uti wa mgongoni. Tuzo ya Lasker ya mwaka 1972 iliwataja Burkitt na Ziegler pamoja na Pinkel.

Jambo linalosahaulika katika sifa hizo ni gari. Kituo cha Kampala hakikuridhika na kadi ya kuruhusiwa. Kiliwatuma watu wake vijijini kuwatafuta wagonjwa waliokwisha kutibiwa, nyumba kwa nyumba. Taarifa zake za muda mrefu ziliaminika duniani kwa sababu hiyo. Wamarekani walipoondoka wakati wa utawala wa Idi Amin, Charles Olweny alibaki na kuiongoza taasisi hiyo katika miaka migumu. Elimu ya madhara ya baadaye, kwa maneno mengine, ilijengwa barabarani kuliko maabara.

Kosa moja la uti wa mgongo linastahili kutajwa peke yake. Methotreksati huchomwa uti wa mgongoni. Vinkristini huchomwa katika mshipa wa damu tu. Mgonjwa yuleyule mara nyingi hupewa zote mbili katika siku moja. Vinkristini ikiingizwa uti wa mgongoni kwa bahati mbaya, ganzi na kupooza hupanda kutoka miguuni hadi kwenye misuli ya kupumua, na karibu kila mara mgonjwa hufa. Mwaka 2001 kijana mmoja mwenye lukemia alifariki hivyo huko Nottingham, Uingereza, na makosa ya namna hiyo yalikuwa yamekwisha kutokea katika nchi kadhaa kabla yake. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari: vinkristini iandaliwe katika mfuko mdogo wa dripu badala ya bomba la sindano, ili umbo la chombo lenyewe limzuie mchomaji. Inafaa kukumbukwa kwamba hospitali iliyofikia kuhitaji tahadhari hiyo ilikuwa tayari na dawa, wataalamu na wagonjwa wanaorudi kila wiki.

Dar es Salaam na barabara ya kusini

Hospitali ya Ocean Road ilijengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Tiba ya mionzi ilianza kutolewa hapo mwaka 1980, na mwaka 1996 ikawa taasisi inayojitegemea ya saratani. Wodi ya watoto wenye saratani iliendeshwa humo hadi ilipohamishiwa Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011. Mambo haya yameelezwa vya kutosha na wengine. Kwa Rahaleo, tarehe muhimu kuliko zote hizo pengine ni ya daraja.

Hadi mwaka 2003, anayetoka Mtwara kwenda Dar es Salaam kwa barabara alivuka Mto Rufiji kwa kivuko, na masika yalipokolea njia ilikatika kwa wiki nyingi. Wenye uwezo walipanda ndege. Wengine walisubiri meli. Vinkristini, katika awamu ya kwanza ya tiba ya lukemia kali, hutolewa mara moja kila wiki kwa wiki kadhaa mfululizo. Ratiba hiyo ilibuniwa na watu wasiojua masika ya Rufiji. Mgonjwa wa kusini alikuwa na njia mbili: kuhamia Dar es Salaam, au kukosa dozi. Daraja la Mkapa, lililopewa jina la rais mzaliwa wa Masasi, lilifunguliwa mwezi Agosti 2003, na lami ikafuata kwa vipande. Tangu hapo mgonjwa aliweza kurudi nyumbani kati ya awamu moja na nyingine.

Hapo ndipo pana kinaya. Kabla ya daraja, aliyebaki Dar es Salaam kwa miezi alipata madhara yake mbele ya macho ya wodi. Baada ya daraja, alirejea Rahaleo akiwa na dawa mwilini, na madhara yakahamia naye. Ganzi ya vinkristini huweza kuendelea kuongezeka kwa wiki kadhaa hata baada ya sindano ya mwisho. Degedege la methotreksati linaweza kutokea siku ya saba, basi likiwa limekwisha kumshusha mgonjwa kituoni siku tano zilizopita. Katika pwani yote ya Waswahili degedege ni neno lenye historia ndefu, nalo humpeleka mtoto kwa mganga mapema kuliko hospitali. Hakuna ujinga wowote katika uamuzi wa familia hapo. Familia hutumia jina lililopo.

Mwili wa Mwafrika katika vipimo

Swali ambalo halikuulizwa wakati mpaka wa miligramu 2 ulipowekwa ni kama vinkristini huwadhuru watu wote sawasawa. Huvunjwa kwenye ini na vimeng'enya, na kimojawapo, kinachojulikana kama CYP3A5, kinafanya kazi kwa Waafrika wengi ilhali kwa Wazungu wengi hakifanyi. Watafiti wa Marekani waliona kwanza kwamba watoto weupe walipata ganzi zaidi kuliko watoto weusi. Kisha uchunguzi uliofanyika Eldoret, Kenya, katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, na kuchapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba takribani asilimia 90 ya watoto waliopimwa walikuwa na kimeng'enya hicho kikifanya kazi, na kwamba ganzi ilikuwa kidogo. Tafsiri mojawapo, inayojadiliwa bado, ni kwamba mtoto wa Afrika Mashariki huenda anapewa dawa pungufu kuliko anavyoweza kuistahimili, na kwa hiyo pungufu kuliko inavyohitajika kumponya.

Malawi, hata hivyo, ilikwisha kutoa ushahidi wa upande mwingine. Watoto wenye utapiamlo na uvimbe mkubwa wa figo waliopimwa huko, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2010, waliiondoa vinkristini mwilini polepole zaidi, maana yake dawa ilikaa ndani yao kwa muda mrefu. Urithi wa damu unavuta huku, njaa inavuta kule. Dawa za kutibu fangasi kama itrakonazo, ambazo huzuia vimeng'enya vya ini, huongeza hatari zaidi, nazo huweza kununuliwa katika duka la dawa la mtaani na mtu asiyejua kwamba mgonjwa anatumia vinkristini.

Matokeo ya Eldoret ni ya thamani kubwa, lakini yana hatari ya kusomwa vibaya. Mtu anaweza kudai kwamba kama ganzi ni kidogo kwa watoto wa Afrika, basi ukimya wa kumbukumbu za Mtwara ni ukweli wenyewe. Dai hilo halisimami. Eldoret walipata kidogo baada ya kutafuta, kwa kinyundo na dodoso, mtoto mmoja baada ya mwingine. Ukimya wa Mtwara haukutanguliwa na utafutaji wowote wa aina hiyo, na mkoa huo una historia yake ya mihogo na miezi ya njaa kabla ya mavuno, inayoufanya ufanane na Malawi zaidi kuliko na nyanda za Uasin Gishu.

Kurejea Rahaleo

Mgonjwa anayerejea Rahaleo na miguu isiyomtii atafikishwa kwanza, kwa kadiri ya kawaida, katika zahanati au Hospitali ya Ligula iliyo katika mji uleule. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, iliyojengwa Mitengo na kuzinduliwa rasmi mwezi Septemba 2023, imesogeza utaalamu karibu zaidi. Tabibu atakayempokea amefunzwa kuwaza ukoma, konzo, kupooza kwa polio, kifua kikuu cha uti wa mgongo, na madhara ya dawa za kifua kikuu au za UKIMWI. Vinkristini haimo katika orodha hiyo kwa sababu haijawahi kuandikwa humo, wala si kwa uzembe wake.

Tofauti zenyewe si ngumu. Katika konzo mguu hukakamaa na huruka kupita kiasi unapogongwa. Katika ganzi ya vinkristini hulegea, na kifundo hakiitikii kabisa. Ukoma huchagua: mshipa huu umevimba, ule mzima, baka moja la ngozi halihisi. Vinkristini haichagui, hushika nyayo zote mbili kwa pamoja. Methotreksati ya uti wa mgongo, pale inapodhuru uti wenyewe, huleta kupooza kunakoambatana na kushindwa kuzuia mkojo, na hiyo ni dharura ya kurudishwa Dar es Salaam siku hiyohiyo. Kinyundo na maswali mawili matatu hutosha kuanza: mgonjwa alichomwa nini, lini, na mahali gani pa mwili. Jibu la maswali hayo limo katika kadi ya kuruhusiwa, iwapo kadi imeandikwa majina ya dawa badala ya neno tibakemia peke yake, na iwapo haikulowa safarini.

Kinachotegemea jibu hilo ni kikubwa kuliko mguu. Tiba ya lukemia kali ya limfu huchukua miaka miwili na zaidi, na nafuu ya mwezi wa kwanza si kupona. Familia inayoona mtoto aliyeondoka akitembea amerudi akiburuta nyayo ina sababu nzito ya kuamini kwamba hospitali ndiyo iliyomlemaza, na ya kutomrudisha. Akirudishwa, dozi hupunguzwa au kusimamishwa kwa muda, na kwa watoto wengi mishipa huota upya polepole, karibu milimita moja kwa siku. Kwa mtoto wa miaka saba, kutoka gotini hadi kidole gumba ni safari ya mwaka mmoja hivi. Mwaka huo wote huishwa nyumbani.